Siri ya Waziri Dalton

Tarehe 12 Novemba 1947 Hugh Dalton, Waziri wa Fedha wa Uingereza, alikuwa akielekea Bungeni kusoma bajeti yake. Njiani alikutana na John Carvel, mwandishi wa gazeti la jioni liitwalo The Star, ambaye alimzoea. Kwa maneno machache akamdokezea yaliyomo: tumbaku haitaongezwa ushuru, bia itaongezwa peni moja, kodi ya faida itakuwa maradufu. Carvel akakimbilia simu, na habari ikapigwa chapa kabla Waziri hajaitamka.

Je, lawama ni ya nani? Si ya Carvel. Mwandishi hakuapa kuficha kitu. Aliyeapa ni Waziri. Nayo nia njema, ambayo hapana aliyeitilia shaka, haikuirudisha siri mahali pake.

Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1936, J. H. Thomas, Waziri wa Makoloni, ambaye amri zake zilifika hata Kenya na Tanganyika, alishitakiwa kwa kutoa siri za bajeti. Yeye alikana, ikabidi baraza la uchunguzi liitwe kupima maneno ya mashahidi. Likamwona mkosaji, baada ya yeye kwisha kujiuzulu. Dalton hakungoja. Kesho yake alikiri Bungeni, akaomba radhi, na siku ile ile akaacha kazi.

Thomas hakushika tena wizara. Dalton alirudi katika Baraza la Mawaziri mwaka 1948, lakini kiti cha Fedha kilikuwa kimekwisha kukaliwa na Stafford Cripps.