Chelezo na Boya: Jeddah Katika Historia ya Kufunga Chombo

Kiswahili kina maneno mawili ya kitu kinachoelea juu ya maji kwa ajili ya kushikilia chombo au kuonyesha mahali. La kwanza ni chelezo, lililotokana na kitenzi kuelea. La pili ni boya, lililoachwa na Wareno pamoja na maneno mengine ya ubaharia. Chelezo ni jina linalotaja kazi ya kitu ndani ya maji. Boya lilikuja na merikebu za wageni waliotaka kuweka alama zao katika bandari za watu wengine. Katika Bahari ya Sham, Waarabu wengi wa pwani hukiita kitu hicho hicho shamandura, neno walilo nalo Waturuki pia. Kila dola iliyopita katika bahari hizi imeacha jina lake juu ya pipa linaloelea, na si ajabu: anayeweka boya hudai kuwa mahali pale pana mwenyewe.

Ili kufahamu kwa nini suala hili lilikuwa zito mjini Jeddah kuliko Lamu au Unguja, ni lazima kuanza na maji yenyewe. Katika pwani ya Waswahili bahari hupwa na kujaa kwa kiasi kikubwa. Wakati wa bamvua, tofauti huko Unguja hufikia takriban mita 4. Nahodha wa mashua au dau hahitaji gati wala boya. Huingia na maji yanayojaa, hukiacha chombo kipwelewe mchangani, hukitegemeza kwa magogo, hupakua, kisha hungoja maji yarudi. Bahari ndiyo kuli wake. Jeddah haina msaada huo. Katikati ya Bahari ya Sham kupwa na kujaa kwa kila siku ni kudogo mno. Kina hubadilika zaidi kwa misimu, kikishuka wakati wa kiangazi na kupanda wakati wa baridi. Chombo kilichofika Jeddah kilipaswa kubaki kikielea, na kinachobaki kikielea ni lazima kishikwe na kitu.

Kitu hicho kilikuwa kamba. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyevuka kutoka Aydhab hadi Jeddah mwaka 1183 akielekea Makka, alieleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Msomaji wa Kiswahili anautambua ufundi huo mara moja, kwa kuwa mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa namna hiyo hiyo. Kamba ya makumbi ina sifa tatu zinazoifaa kazi ya kufungia chombo: huelea, huvumilia chumvi, na hunyumbuka wimbi linapokivuta chombo kwa ghafla. Kamba isiyonyumbuka hukatika, au hung'oa kile ilichofungwa. Kabla ya nailoni, minazi ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyowapa mabaharia wa Hijazi mnyumbuko huo, ingawa mnazi haukuwa mti wa nchi yao.

Ibn Jubayr alistaajabia pia ustadi wa manahodha walioingiza vyombo Jeddah kwa kupenya baina ya miamba ya matumbawe. Karne tatu baadaye, Ahmad ibn Majid aliitengea bahari hiyo sehemu ya pekee katika kitabu chake cha elimu ya bahari. Elimu ya miamba ilikuwa mali ya rubani. Leo Mswahili akisikia neno hilo hufikiria ndege, lakini rubani wa awali alikuwa mtu aliyesoma rangi ya maji: buluu nzito ni kina, kijani ni hatari, hudhurungi ni jiwe. Miamba ilikuwa kizuizi, na pia ngome. Mwaka 1517 Lopo Soares de Albergaria alifika mbele ya Jeddah na kundi la merikebu za Kireno, akaondoka bila kuutwaa mji.

Enzi ya meli za moshi haikuiondoa miamba. Meli kubwa zilizoleta mahujaji zilitia nanga mbali na mji, na watu pamoja na mizigo yao wakashushwa katika sambuki zilizowapeleka pwani. Kwa hiyo safari ya maelfu ya maili ilimalizikia katika tendo dogo: sambuki kujifunga ubavuni mwa meli kwa muda wa kutosha ili mzee au mama mwenye mtoto avuke salama.

Uzito wa tendo hilo waliujua vyema watu wa Unguja. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga bandari ya Zanzibar. Karibu vyombo vyote vilivyokuwamo viling'olewa nanga, vikagongana au kutupwa pwani, na Sultani Barghash akapoteza merikebu zake. Mikarafuu ya Unguja iliangamia kwa wingi, huku ile ya Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Bandari iliyosifiwa kuwa salama ilionekana kuwa salama kwa pepo zinazojulikana tu.

Jeddah ilipata gati la kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1976 bandari kubwa ya leo ikaanza kazi. Meli ikafika ukutani, na sambuki ikapoteza sababu ya kuwapo. Maamuzi ya bahari nayo yakahama. Riyadh iko bara, zaidi ya kilomita 800 kutoka Jeddah, ambako balozi za nje zilikaa hadi zilipohamia huko katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2021 serikali ya Saudia iliunda mamlaka ya kusimamia utalii wa pwani ya Bahari ya Sham. Mji usio na ufuo ndio sasa unaoamua ni wapi mashua ya matembezi itafungwa.

Katika zama hizi mwamba umebadilika maana. Zamani chombo kililindwa dhidi ya matumbawe. Sasa matumbawe hulindwa dhidi ya chombo. Nanga moja ikiburutwa huvunja kwa dakika chache kile kilichokua kwa miongo mingi, na mnyororo wake hufyeka kila upande mashua inapozunguka na upepo. Mwaka 1981, huko Key Largo, Florida, John Halas alianza kuweka maboya yaliyoshikizwa kwa chuma kilichotiwa ndani ya tundu lililotobolewa mwambani. Huko Hurghada, Misri, chama cha HEPCA kilichoanzishwa mwaka 1992 kilieneza maboya ya kufungia katika upande wa magharibi wa Bahari ya Sham.

Kanuni za kulishika boya kwa mashua ndogo ya tanga ni chache, na baharia wa kale angezielewa bila mkalimani. Nahodha huelekeza omo kwenye upepo, au kwenye mkondo ikiwa ndio wenye nguvu zaidi. Hulegeza tanga mapema ili mwendo ufe karibu na boya, si juu yake. Aliye omo huopoa kamba kwa kiopoo, huipitisha kamba ya mashua katika pete na kuirudisha chomboni, ili aweze kuondoka bila kushuka majini. Kisha hutazama mahali kamba inaposugua ubao, akapafunika kwa kitambaa au ngozi, kwani vyombo vingi hupotea usiku kwa kamba iliyolika, si kwa dhoruba. La mwisho ni kujua boya liliwekwa kwa uzito gani. Boya la mashua halishiki jahazi.

Tofauti iko kwingine. Nanga ni ya nahodha; huibeba na kuitupa anapotaka. Boya ni la yule aliyeliweka, na humwambia nahodha wapi asimame na wapi asisimame. Huko Chumbe, karibu na Unguja, mwamba uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 umefungwa kwa uvuvi, na baadhi ya wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi wake. Mfano huo unaonyesha kuwa mamlaka juu ya mahali pa kusimama yanaweza kukabidhiwa, walau kwa sehemu, wanaoyajua maji hayo. Pwani ya Hijazi inajengwa upya kwa kasi, na maboya mapya yanawekwa. Miamba inastahili ulinzi huo. Warithi wa marubani waliosoma rangi ya maji kwa karne nyingi nao wanastahili kuulizwa boya liwekwe wapi.