Dhamira na Wahusika katika Tanzia za Wayunani: Msiba wa Adui Mbele ya Hadhira ya Athens

Neno tanzia, kabla wahakiki hawajalitwaa kuwa jina la aina ya tamthilia, lilikuwa na maana ya habari ya kifo, na maana hiyo lingali nayo. Tanzia hupelekwa kwa jamaa na majirani, yaani kwa wale wanaopaswa kulia. Tamthilia za Wayunani wa kale ambazo leo huitwa kwa jina hilo zilikuwa na desturi nyingine: mara nyingi ziliwapelekea raia wa Athens habari za vifo visivyokuwa vyao, na wakati mwingine vifo vya adui zao. Tangu Aristotle, katika karne ya 4 K.K., wahakiki wamezoea kuieleza tanzia kwa kumchunguza mtu mmoja mwenye cheo ambaye kosa lake humwangusha, na anguko lake likawatia watazamaji huruma na hofu. Maelezo hayo yana manufaa, lakini hayatoshi kuonyesha kwa nini wahusika wengi wa tanzia ni washinde, mateka na wanawake. Jambo hilo laeleweka zaidi likitazamwa katika historia ya mji ulioziandaa tamthilia hizo.

Tanzia zilichezwa hasa katika sikukuu ya mungu Dionysus, iliyofanywa kila mwaka katika majira ya machipuko, kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis. Washairi 3 walishindana, kila mmoja akileta tanzia 3 na mchezo mmoja wa kuchekesha. Gharama za kundi la waimbaji zililipwa na raia tajiri aliyeteuliwa na serikali. Waigizaji wote, hata wa nafasi za wanawake, walikuwa wanaume waliovaa vinyago. Athens ilipokwisha kuwa na himaya, fedha za kodi zilizotolewa na miji iliyokuwa chini yake zilionyeshwa mle uwanjani kabla ya michezo, na vijana ambao baba zao walikufa vitani wakapitishwa mbele ya watu wakiwa na silaha. Hivyo hadhira iliona kwanza nguvu za mji wake, ndipo ikatazama maafa.

Si kila maafa yaliyokubalika. Mwaka 494 K.K. Waajemi waliuteka na kuuangamiza Miletus, mji wa Kiyunani huko Asia uliokuwa na udugu na Athens. Mshairi Phrynichus akatunga tamthilia juu ya tukio hilo. Herodotus anasimulia kwamba watazamaji wote waliangua kilio, na mshairi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, kisha ikapigwa marufuku tamthilia hiyo isichezwe tena. Hukumu hiyo yaonyesha kwamba msiba wa karibu mno haukuvumilika mbele ya umma. Ulihitaji kuwekwa mbali, ama katika hadithi za kale za Troy, Thebes na Argos, ama katika nchi ya adui.

Njia hiyo ya pili ndiyo aliyoifuata Aeschylus katika Waajemi, iliyochezwa mwaka 472 K.K. Miaka 8 tu ilikuwa imepita tangu Waajemi wauchome moto mji wa Athens na kushindwa baharini huko Salamis. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana nao huko Marathon mwaka 490 K.K. Hata hivyo, tamthilia yake yatukia katika mji mkuu wa adui. Wahusika wake ni wazee wa baraza, malkia aliye mama wa Xerxes, mjumbe, mzuka wa Darius, na hatimaye Xerxes mwenyewe. Majina ya Waajemi waliokufa yanatajwa kwa wingi. Myunani hatajwi kwa jina hata mmoja. Dhamira kuu ni ujeuri wa mwanadamu anayevuka mpaka aliowekewa: Darius anamlaumu mwanawe kwa kuthubutu kuufunga mlango wa bahari kwa daraja la merikebu. Wako wahakiki waonao humo furaha ya mshindi, na hapana shaka furaha hiyo imo. Lakini watu walioketi chini ya mahekalu yaliyoteketezwa na Waajemi waliombwa wasikilize kilio cha mama wa Kiajemi, nao wakaipa kazi hiyo tuzo ya kwanza.

Sophocles, katika Antigone, iliyochezwa yapata mwaka 441 K.K., alilileta swali hilo nyumbani. Polyneices ameuawa akiushambulia mji wake wa Thebes. Creon, mtawala, anakataza asizikwe. Antigone, dada wa marehemu, anamzika na kuhukumiwa kufa na mjomba wake mwenyewe. Creon asidhaniwe kuwa katili wa hivi hivi tu. Athens nayo ilikuwa na sheria iliyokataza msaliti asizikwe katika ardhi yake, kwa hiyo watazamaji wengi waliweza kuyakubali maneno yake ya mwanzo juu ya usalama wa nchi. Kosa lake ni kudhani kwamba amri ya serikali yaweza kuufuta wajibu wa ndugu kwa maiti. Analitambua jambo hilo akiwa amekwisha kuchelewa, akampoteza mwanawe na mkewe.

Euripides alikwenda mbali zaidi. Mwaka 416 K.K. Athens ilikizingira kisiwa cha Melos, na kilipojisalimisha ikawaua wanaume wote wazima na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Katika machipuko ya mwaka 415 K.K. mshairi huyo alileta Wanawake wa Troy. Haijulishwi humo habari ya Melos, wala haikuwa lazima. Hecuba, malkia aliyekuwa na kila kitu, anasubiri kujua atakuwa mtumwa wa nani. Mtoto wa Andromache anatupwa kutoka ukutani ili asije akakua na kulipiza kisasi. Talthybius, mjumbe wa washindi anayeleta amri hiyo, ndiye anayeiosha maiti ya mtoto. Wapigakura wa Athens walikuwa na nafasi ya kujiona katika mhusika huyo.

Tamthilia hiyo ilipata tuzo ya pili, na katika kiangazi cha mwaka huo huo merikebu za Athens zikaenda kuvamia Sicily, ambako jeshi zima liliangamia mwaka 413 K.K. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba tanzia ilizuia vita. Ilichoweza kufanya ni kuuzoeza umma kuutambua msiba wa wengine kuwa ni msiba. Xenophon anaeleza kwamba mwaka 405 K.K., habari za kupotea kwa merikebu za mwisho zilipofika usiku, kilio kilipanda kutoka bandarini hadi mjini, wala hakuna aliyelala. Waathene waliwalilia waliokufa, na zaidi walijililia wenyewe, wakiamini kwamba sasa watatendwa kama walivyowatenda watu wa Melos.