KUTENGANISHA KIKAO NA TERMINALI: HISTORIA YA KUKIFIKIA KUTOKA MBALI KIHARIRI MATINI KINACHOENDELEA KUFANYA KAZI, 1968–2009

1.0 Utangulizi

Mtu anayehariri matini katika kompyuta hutumia vitu viwili ambavyo kwa kawaida huonekana kuwa kimoja. Cha kwanza ni kikao cha kazi, yaani faili zilizofunguliwa, mahali kishale kiliposimama na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Cha pili ni terminali, yaani kibodi na skrini ambavyo kwavyo hukifikia kikao hicho. Makala haya yanachunguza namna vitu hivyo vilivyotenganishwa hatua kwa hatua kati ya mwaka 1968 na 2009. Hoja inayotetewa ni kwamba kila hatua iliyomwezesha mtumiaji kuwa mbali na kikao chake ilizua upya swali lilelile: ni nani mwenye mamlaka ndani ya kikao hicho?

2.0 Onyesho la San Francisco

Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart aliuonyesha mfumo wa NLS mbele ya hadhira ya watu wapatao 1,000 mjini San Francisco. Kompyuta iliyoendesha mfumo huo, SDS 940, ilikuwa Menlo Park, umbali wa takribani kilomita 48. Picha zilisafirishwa kwa mawimbi ya maikrowevu, na amri za kibodi na kipanya zilipita katika laini ya simu. Katika sehemu moja ya onyesho, Bill Paxton aliyekuwa Menlo Park aliungana na Engelbart, wote wawili wakitazama matini moja, kila mmoja akiwa na kielekezi chake. Hata hivyo, vielekezi hivyo havikuwa na nguvu sawa: haki ya kuihariri matini ilihifadhiwa kwa Engelbart, ilhali Paxton aliweza kuonyesha tu. Inadhihirika, basi, kwamba suala la mamlaka lilijitokeza tangu siku hiyo, na jibu lake liliwekwa ndani ya kihariri chenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET, uliotumwa kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda Menlo Park tarehe 29 Oktoba 1969, ulikuwa jaribio la kuingia katika kompyuta ya mbali. Mfumo ulianguka baada ya herufi mbili tu kupokelewa.

3.0 Laini dhaifu na kikao kinachokatika

Katika miaka ya 1970, Bill Joy alikitengeneza kihariri cha vi huko Berkeley akitumia modemu ya biti 300 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na herufi 30 hivi kwa sekunde. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 ina nafasi 1,920. Kwa hiyo kuijaza yote kulihitaji zaidi ya dakika moja. Hali hiyo inaeleza kwa nini amri za vi ni fupi, nyingi zikiwa za herufi moja. Ufupi huo uliokoa muda, lakini haukukiokoa kikao. Laini ilipokatika, vi iliweza kuhifadhi nakala ya matini, ila kikao chenyewe kilikwisha.

Suluhisho la tatizo hili lilitoka nje ya kihariri. Mwaka 1987, Oliver Laumann na Carsten Bormann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walitoa programu ya Screen, inayokaa kati ya terminali na programu nyingine. Mtumiaji aliweza kujitenga na kikao, kuondoka, kisha kukirejea kutoka terminali nyingine na kukikuta kama alivyokiacha.

4.0 Kihariri kinapogeuka seva

GNU Emacs, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1985, ilifuata njia tofauti. Programu ndogo ya emacsclient iliiwezesha programu nyingine kupeleka faili kwa Emacs iliyokwisha kuwashwa, badala ya kuwasha nyingine. Toleo la 22 la mwaka 2007 liliruhusu mawasiliano hayo kupita katika mtandao wa TCP. Toleo la 23, lililotoka Julai 2009, liliongeza mambo mawili: Emacs kuendelea kufanya kazi bila dirisha lolote, na kikao kimoja kuhudumia terminali nyingi kwa wakati mmoja, kazi iliyofanywa na Károly Lőrentey. Tangu hapo, dirisha lililoachwa wazi ofisini na terminali iliyofunguliwa nyumbani viliweza kuonyesha kikao kilekile.

5.0 Suala la ufunguo

Uwezo huu ulikuwa na gharama. Katika njia ya TCP, seva huandika faili yenye anwani yake na ufunguo wa herufi 64. Aliye na faili hiyo, na anayeweza kuifikia anwani hiyo, huweza kuiamuru Emacs. Kwa kuwa Emacs hutekeleza msimbo wa lugha ya Lisp, anayeingia haishii kubadili matini. Anaweza kusoma na kufuta faili zote za mwenye kikao. Aidha, mawasiliano hayo hayana usimbaji fiche, na maelezo rasmi ya Emacs yanaonya waziwazi juu ya hatari ya kupokea miunganisho kutoka mbali katika mitandao isiyo salama.

Njia iliyo salama zaidi ni kupitia SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Mtumiaji huingia kwanza katika mashine kwa SSH, kisha huiita emacsclient akiwa humohumo.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1968 mamlaka yaligawanywa ndani ya kihariri: mmoja alihariri, mwingine alionyesha tu. Kufikia mwaka 2009 ulinzi ulikuwa umehamia mlangoni. Aliyekwisha kuingia katika kikao cha Emacs ana mamlaka sawa na mwenyewe, kwani humo hakuna kielekezi cha daraja la chini. Kwa hiyo, tathmini ya maendeleo haya kwa kigezo cha kasi na urahisi peke yake huacha nje kilichopotea njiani: uwezo wa kumkaribisha mwenzako katika kazi yako bila kumkabidhi funguo za nyumba nzima.