Nchi Jirani: Maji Yatokayo Chini ya Jaa



Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini ya jiji la Kampala, uliporomoka na kuzifukia nyumba zilizokuwa chini yake. Polisi na wanajeshi wa Uganda, wakishirikiana na Msalaba Mwekundu, walichimba kwa siku kadhaa, na idadi ya waliokufa ikafikia watu 35. Askari aliyewahi kupelekwa kwenye maafa anaijua kazi ya namna hiyo, wala hahitaji kuelezwa.

Lawama ilitupiwa mvua. Mvua kweli ilinyesha, lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Jaa la Kiteezi lilipofunguliwa mwaka 1996 halikuwa shimo la kutupia ovyo. Lilipangwa kuwa na mifereji, na mtambo wa kusafisha maji machafu yachuruzikayo kutoka takani. Waliolipanga walikwisha kujua kwamba adui mkubwa wa jaa ni maji. Jiji likakua, jaa likajaa, magari yakazidi kumwaga, na mpango ule mzuri ukabaki katika makaratasi.

Maji yanapoingia ndani ya lundo la taka hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kulilegeza mpaka lianguke. Hiyo ni kazi ya siku moja, na dunia nzima huiona. Ya pili haina kishindo, nayo huchukua miaka mingi. Hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumza, na kwa ajili hiyo hatuna budi kuondoka Kampala na kwenda Nairobi, ambako imepata kupimwa.

Mashariki ya Nairobi, kando ya mto unaoitwa kwa jina la jiji lenyewe, palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 1975 machimbo hayo, mahali paitwapo Dandora, yaligeuzwa kuwa jaa la jiji. Katika mwaka huo huo ulianza mradi mkubwa wa makazi ya watu wa kipato kidogo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi huo nao ukawekwa Dandora. Kwa hiyo nyumba za maskini na taka za jiji zima zilipata anwani moja. Watu walihesabu kodi na nauli. Maji yapitayo chini ya ardhi hayakuwa na mtu wa kuyahesabu.

Na ingefaa yahesabiwe. Shimo la machimbo lina mwamba wenye nyufa. Hakuna udongo mzito wa mfinyanzi ulioshindiliwa chini, wala tandiko lolote la kuzuia maji. Mvua hupenya katika taka zinazooza, ikachanganyika na uchachu wa mozo huo, na uchachu huo huyeyusha madini yaliyomo katika betri kuukuu, rangi na vyombo vya umeme. Hutoka maji meusi yenye madini ya risasi, zebaki na kadimiamu. Sehemu huteremka mtoni, sehemu huingia katika udongo, sehemu huzama mpaka kwenye maji ya visima. Risasi tunayoitaja ni madini yale yale ambayo askari hubeba katika mkanda wake. Tofauti ni kwamba hii haina mlio, na shabaha yake kubwa ni ubongo wa mtoto.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapo hapo, lilitoa taarifa ya uchunguzi wa Dandora. Watoto 328 wenye umri wa miaka 2 hadi 18 walichunguzwa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita, kiasi ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa hatari. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chochote cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Udongo wa jirani na jaa nao ulikutwa na risasi nyingi kupita kiasi cha kawaida.

Mto hauishii Dandora. Maji yake huingia katika mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, na mwisho Sabaki, nao humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Njia nzima hiyo watu hunywesha mifugo na kumwagilia mboga.

Jambo hili lina upande wake wa kijeshi pia. Kambi yoyote ya zamani, katika nchi yoyote, ina shimo lake la taka. Humo hutupwa betri za redio na za magari, mafuta machafu ya injini, makopo ya rangi. Kikosi huhama, shimo hufukiwa, majani huota juu yake, na kamanda mgeni huonyeshwa mahali tambarare pazuri pa kuchimba kisima. Ramani za kambi huonyesha ghala la silaha kwa uangalifu mkubwa. Shimo la taka ni nadra kuonyeshwa.

Kufikia mwaka 2001 Dandora lilikwisha hesabiwa kuwa limejaa. Ulifikiriwa mpango wa kulihamishia Ruai, lakini wakuu wa usafiri wa anga wakapinga, kwa kuwa jaa huita ndege wa porini, na ndege hao ni hatari kwa eropleni zinazotua katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Hoja hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo tunaona kwamba usalama wa abiria ulipata msemaji mapema kuliko usalama wa watoto wa Dandora.

Wala tusijitoe sisi wenyewe. Mwaka 1988 wananchi wa Tabata, Dar es Salaam, ilibidi waende Mahakama Kuu kulishtaki Jiji kwa sababu ya jaa lililowekwa katikati ya makazi yao. Mahakama iliwapa haki, na Jiji likarudi kuomba liongezewe muda.

Kenya nayo ilifika mahakamani. Mwezi Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nairobi iliamuru Dandora lifungwe katika muda wa miezi sita, na mito ya Nairobi na Athi isafishwe. Miezi sita hiyo ilikwisha Januari 2022. Magari ya taka yaliendelea kuingia.