Jua, Vitamini D na Kumbukumbu za Wazee

 

Labda nyumbani kwako kuna nyanya ambaye siku hizi anauliza swali moja mara tano kabla chai haijaiva. Jirani amekuambia kuna vidonge vya vitamini D vinavyorudisha kumbukumbu, nawe umeanza kuweka akiba ili uvinunue. Kabla hujatoa pesa hizo, ni vizuri ujue historia ya vitamini hii. Historia yenyewe haikuanza kwa wazee. Ilianza kwa watoto wenye matege.

Mwaka wa 1650, daktari Mwingereza aitwaye Francis Glisson alichapisha kitabu kuhusu watoto ambao mifupa yao ilikuwa laini na miguu imepinda. Baadaye miji ya Ulaya ilipojaa viwanda na moshi, ugonjwa huo ulizidi. Mwaka wa 1822, daktari Mpolandi, Jędrzej Śniadecki, aliona kwamba watoto wa mjini Warsaw waliugua kuliko wale wa mashambani. Akashauri watoto watolewe juani. Mwaka wa 1890, Theobald Palm, daktari mmisionari aliyewahi kufanya kazi Japani, alieleza jambo hilo hilo: penye jua jingi, matege ni machache.

Ushahidi ulipatikana mwaka wa 1919. Mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wanne kwa taa yenye miale kama ile ya jua, na mifupa yao ikapona. Huko London, Edward Mellanby alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege. Mwaka wa 1922, Elmer McCollum na wenzake nchini Marekani walitambua kwamba ndani ya mafuta hayo mna kirutubisho kipya. Kwa kuwa herufi A, B na C zilikuwa zimekwisha kutumika, wakakiita vitamini D. Leo twajua kwamba ngozi inapopigwa na jua hutengeneza vitamini hiyo, nayo huusaidia mwili kutumia madini ya kalisi kujenga mifupa.

Je, ubongo uliingiaje katika habari hii? Mwaka wa 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Ugonjwa huo ukapewa jina lake. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2005, watafiti walieleza kwamba sehemu nyingi za ubongo wa binadamu zina mahali pa kupokelea vitamini D. Kisha mwaka wa 2014 yakatolewa matokeo ya wazee 1,658 wa Marekani waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa vitamini D walipatwa na ugonjwa wa kusahau zaidi ya mara 2 kuliko wenye kiasi cha kutosha. Ukisikia hivyo, utasema dawa imepatikana.

Lakini ngoja kidogo, mama. Vidonge vyenyewe vimejaribiwa. Katika matokeo ya mwaka wa 2012, wanawake 4,143 wa Marekani wenye miaka 65 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini D pamoja na kalisi, na jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya karibu miaka 8, makundi hayo hayakutofautiana kwa ugonjwa wa kusahau. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka wa 2021, uliotumia kipimo kikubwa zaidi, nao haukuona kwamba vidonge vilizuia kumbukumbu kupungua.

Mbona iwe hivyo? Wahenga walisema jogoo awike asiwike kutakucha. Jogoo na asubuhi huja pamoja, lakini jogoo siye anayeleta asubuhi. Mzee anapoanza kusahau, huacha kwenda shambani, sokoni na kwenye ibada. Hukaa ndani, na vitamini D hupungua. Huenda basi mara nyingine upungufu ni ishara ya maisha ya kukaa ndani, wala si chanzo cha kusahau.

Hapa Kenya tuna jua tele. Hata hivyo, madaktari wamewaona watoto wenye matege katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambako nyumba zimebanana. Jua la nje halimsaidii aliye ndani. Ngozi ya mzee nayo hutengeneza vitamini D kidogo sana kuliko ya kijana, na ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi. Sasa fikiria mzee anayefungiwa chumbani kwa kuogopa atapotea, au kwa aibu ya majirani. Wengine huitwa wachawi. Huko Kilifi wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma kama hizo.

Kwa hiyo, mama, fanya haya. Mtoe mzee nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, umwondoe kabla jua halijamchoma. Kaa naye, mchambue mboga pamoja, mzungumze. Mpe samaki wenye mafuta, mayai na maini unapoweza. Mifupa yake bado yahitaji vitamini D. Usimpe vidonge bila ushauri wa daktari, kwa maana vikizidi hudhuru figo.

Tena mpeleke hospitali apimwe. Kusahau kwaweza kuletwa na maambukizi, ugonjwa wa tezi, upungufu wa vitamini B12 au dawa anazomeza, na mengi ya hayo hutibika. Pesa ulizoziweka kwa ajili ya vidonge, zitumie kwa nauli ya safari hiyo.

Nyanya akikuuliza tena swali lile lile, mjibu kwa upole.