Ringi Zilizoletwa na Meli

Futa vumbi kwenye ubavu wa tairi la baiskeli yoyote iliyoegeshwa Jangwani, kando ya Barabara ya Morogoro, utakuta namba kwenye mpira. Ya muuza mkaa, nyeusi na ndefu, yenye keria ya nondo, itasoma 28 x 1½. Ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, itasoma 26 x 1⅜ au 27 x 1⅜. Na ukibahatika kukutana na baiskeli ya resi ya miaka ya 1960 au 1970, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, itasoma 27 x 1¼ au 700C. Zipange namba hizo kwa umri, utakuwa umepanga historia ya biashara ya Dar es Salaam: nani alitawala, nani alikopesha, meli zilitoka bandari ipi.

Anayetaka kuifufua baiskeli ya resi ya zamani huanza na ringi, atake asitake. Fremu ya chuma ikipakwa rangi kwa wakati inaweza kumzika mwenyewe. Ringi ndiyo hupigwa na mashimo, husagwa na breki na kuliwa na chumvi, na Jangwani haina upungufu wa vitu hivyo. Bonde la Mto Msimbazi liko karibu na bahari, na mvua kubwa zikija barabara hugeuka bwawa, hadi karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humo nayo imewahi kuogelea. Baiskeli ikivuka maji hayo, yale yaliyopenya kupitia matundu ya spoku hukaa kwenye ringi ya chuma, chini ya utepe unaokinga tyubu. Kutu huanza ndani wakati nje kromu bado inang'aa.

Ringi tunayoijua ni mtoto wa tairi la upepo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili tairi lake mwaka 1888, lakini alilifunga kwenye gurudumu kwa kitambaa na gundi, kwa hiyo pancha moja ilitosha kumharibia mtu safari nzima. Miaka miwili baadaye Mwingereza Charles Kingston Welch akaleta dawa: waya kwenye kingo za tairi, na ringi yenye bonde katikati, ili upande mmoja wa tairi ukitumbukia bondeni, upande wa pili upate nafasi ya kuchomoka. Fundi wa chini ya mwembe anayetoa tairi kwa vijiko viwili anatumia hesabu hiyohiyo ya 1890.

Kutoka Birmingham ikaja ringi iliyoitwa Westwood, ya chuma, pana, yenye mabega ya duara. Breki zake hazikubana ubavuni. Vyuma virefu vilivyoshuka kutoka kwenye usukani vilivuta mpira wa breki kwenda juu, ukasugua tumbo la ringi, upande unaotazama habu. Ndiyo breki ambayo wazee wetu waliijua maisha yao yote. Waingereza walipouchukua mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, na baadaye wakapewa Tanganyika yote kuisimamia, baiskeli za namna hiyo zikafuata: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham, Humber, Rudge. Mteja wa kwanza alikuwa karani, katekista, mwalimu, tarishi. Baadaye fedha za pamba Usukumani na za kahawa Kilimanjaro na Bukoba zikamfikisha dukani na mkulima. Shinyanga hadi leo hutajwa kama mji wa baiskeli, na si kwa utani.

Wapenzi wa baiskeli nyepesi huidharau Westwood. Mimi siidharau. Waingereza walikuwa na desturi ya kutoboa matundu 32 kwenye ringi ya mbele na 40 kwenye ya nyuma, kwa kuwa uzito mwingi hulalia nyuma. Walimfikiria karani wao akienda kazini na mkoba, hawakumfikiria mtu anayeteremka kutoka Kisarawe na magunia ya mkaa yaliyompita kimo. Lakini zile spoku 40 zilimbeba huyu vilevile. Ringi ya mbio isingefika hata Pugu.

Uhuru haukubadili ukubwa wa ringi, na hilo ndilo linalonishangaza zaidi katika habari hii yote. Bendera ilibadilika, wauzaji wakabadilika, 28 x 1½ ikabaki. India ilikuwa tayari imejenga viwanda vyake: Atlas huko Sonipat mwaka 1951, Hero huko Ludhiana mwaka 1956, na Raleigh yenyewe ilikuwa na kiwanda cha ubia Asansol. Vyote vilitengeneza baiskeli ile ile ya Kiingereza, matundu 32 na 40, breki za vyuma. Kisha ikaja China. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa Wachina, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Ndiyo maana nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa na thamosi, khanga na vyombo vya Kichina, na ndiyo maana mtu mzima ukimtajia baiskeli ya Phoenix ya Shanghai hahitaji maelezo. Nayo serikali ikaanzisha Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, ikatoa baiskeli za Swala hapa hapa Dar es Salaam.

Ukaidi huo wa 28 x 1½ una sababu ya kawaida kabisa. Fundi mwenye shehena ya spoku za 28, na mkulima mwenye tairi la akiba la 28, hawawezi kununua baiskeli ya 27 eti kwa sababu ni nyepesi. Spea ndiyo iliyochagua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokomba fedha za kigeni, spea nazo zikaadimika, ringi iliyopiga nane haikutupwa: ililazwa juu ya gogo, ikagongwa, ikasukwa upya kwa spoku zilizookotwa kwenye baiskeli tatu. Mafundi wa Kariakoo waliopitia miaka hiyo waliweza kunyoosha ringi kwa macho na kidole gumba tu kikiegemezwa kwenye uma.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza mali. Mitumba ikaingia, kwanza nguo, kisha karibu kila kitu. Miaka ikaenda, makontena yakaanza kumwaga baiskeli za Kijapani zilizokwisha kutumika, zile ambazo kina mama wa huko huendea sokoni na kupeleka watoto shule. Watu wakazipenda: zina taa, zina kufuli, hazina mlingoti wa juu wa kumsumbua mwenye gauni. Mpenzi wa baiskeli ya resi akazipita bila kuzitazama, na hapo ndipo alipopoteza.

Kipimo halisi cha ringi si ile 26, 27 au 28. Hicho ni kimo cha tairi la enzi za babu zetu. Kinachoamua kama tairi litaingia ni kipenyo cha pale waya wa tairi unapokaa, nacho huandikwa kwa milimita, baada ya kistari. Baiskeli ya Kijapani ya 27 x 1⅜ ina 630. Na ile 27 x 1¼ ya vilabu vya mbio vya Uingereza? Nayo 630. Wajapani waliuchukua upimaji wa Kiingereza zamani, wakaendelea nao Waingereza wenyewe walipouacha. Kwa hiyo ringi ya aluminiamu iliyobeba kikapu cha mboga Osaka hukaa sawasawa kwenye Raleigh ya resi ya mwaka 1972. Tena ichukue ya nyuma: baiskeli nyingi za aina hiyo huwa na breki ya nyuma kwenye habu, kwa hiyo mbavu za ringi hazijawahi kuguswa na mpira wa breki. Ziko mpya. Tairi lake tu usilichukue, maana ni nene na linaweza kukwaruza uma wa baiskeli ya mbio. Tafuta lile la 1¼.

Mtego uko kwenye 28. Baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi husoma 28 x 1⅝ x 1⅜, na kipenyo chake ni 622, sawa na 700C ya Wafaransa. Phoenix ya muuza mkaa nayo ni 28, lakini yake ni 635. Tofauti ni milimita 13. Tairi la moja halikai kwenye nyingine hata ukilisihi, na pesa ya watu imepotea kwa kusoma namba ya kwanza tu.

Wengi wanaofufua baiskeli za 630 hushauriwa wahamie 622, kwa kuwa matairi ya 622 yamejaa duniani. Ringi hushuka milimita 4 kila upande, na mikono ya breki lazima iwe mirefu ya kutosha kuifuata. Nyingine hufika, nyingine hazifiki, na hapo mtu hujikuta amenunua ringi, kisha breki, kisha waya. Kwa Dar es Salaam naona ni gharama ya kujitakia.

Kuhusu chuma au aluminiamu, sina subira na wanaong'ang'ania kromu kwa ajili ya uhalisi. Wakimbiaji wa Ulaya walitumia ringi za mbao hadi miaka ya 1930. Antonin Magne aliposhinda Tour de France ya 1934, alikuwa juu ya ringi za aluminiamu za Mavic zilizopakwa rangi ya mbao ili wapinzani na waamuzi wasigutuke. Kromu ilibaki kwa baiskeli za bei nafuu, na dosari yake haijifichi: ikilowa, breki huteleza. Teremka kutoka Magomeni kuelekea Jangwani mvua ikinyesha, basi liko mbele yako, ndipo utajua thamani ya aluminiamu. Ila angalia ukingo wa ndani. Ringi nyingi za zamani zina kingo zilizonyooka. Kingo zenye kulabu ya kushika tairi zilienea kwenye ringi za mbio baada ya Mavic kuleta ringi ya Module E mwaka 1975. Ringi isiyo na kulabu usiijaze upepo wa tairi la kisasa la mbio, litachomoka.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Ringi za pale zilikuwa za kaboni, nene ubavuni, na breki zilibana diski kwenye habu. Ringi haiguswi tena na breki, kwa hiyo viwanda vikubwa vinapunguza mwaka hadi mwaka zile za aluminiamu zenye mbavu za kubanwa. Anayehitaji 630 yenye matundu 36 asisubiri.

Mwenye habu ya zamani ya Sturmey-Archer yenye matundu 40 ana shida nyingine. Ringi ya Kijapani kwa kawaida ina matundu 36, na hapo hakuna ufundi wa kusuka utakaomwokoa. Lakini kwenye maduka ya spea Kariakoo bado hufika ringi za matundu 40, 28 x 1½, chuma, kromu. Zinatoka Ludhiana.