Si kila kosa uwanjani ni ‘madhambi’

Majuzi nilikuwa Mitunguu, kaunti ya Meru, nikitazama wasichana wa shule wakicheza mpira wa vikapu. Kipenga kikalia. Mchezaji mmoja akamgeukia refa: “Kwani nimefanya madhambi gani, mwalimu?” Refa hakusema neno. Alikuwa ameinua ngumi. Sasa akaweka mikono yote miwili kiunoni. Binti akanyamaza. Alielewa kwamba amemzibia mwenzake njia isivyo halali.

Hiyo ni lugha kamili. Ngumi juu husimamisha saa na kutangaza kosa la mchezaji. Kiganja wazi husimamisha saa kwa ukiukaji mwingine, kama kutembea na mpira. Kisha refa huiendea meza ya makarani na kuonyesha mambo matatu: namba ya mchezaji, aina ya kosa na adhabu. Kusukuma huigizwa kwa kusukuma hewa. Kushika, kwa kukamata kifundo cha mkono.

James Naismith, aliyeubuni mchezo huu Springfield, Marekani, Desemba 1891, alikuwa mwalimu wa YMCA aliyesomea theolojia. Ajabu ni kwamba kanuni zake 13 hazikuhubiri. Zilitaja vitendo: kushika, kusukuma, kutega mguu, kupiga. Kosa la pili lilimtoa mchezaji hadi kikapu kifuatacho kifungwe.

FIBA ilipoundwa Geneva mwaka 1932, mchezo ulihitaji kueleweka na watu wa lugha nyingi. Kwa miaka mingi wachezaji wa mashindano yake walivaa namba 4 hadi 15, kwa kuwa kidole kimoja, viwili au vitatu vilikuwa na maana nyingine mkononi mwa refa. Hata Kenya ilipokutana na DR Congo kwenye fainali ya AfroCan jijini Bamako, 2019, Mkenya na Mkongomani waliisoma ngumi ileile.

Sisi je? Watangazaji wetu hurundika yote katika ‘madhambi’, neno linalotokana na dhambi, kosa mbele ya Mungu. Lakini kumzibia mtu njia si dhambi, jamani! Na vitenzi tunavyo: amemsukuma, amemshika, amemzibia. Msikilizaji wa redio haioni mikono ya refa. Asipotajiwa kitendo, atajua tu kuwa kuna mkosaji, asijue kosa.